Savoia, Genova au Piemonte Reale: uanze na rejimenti ipi ya wapanda farasi wa Italia?

Farasi mweusi aliyeinuka kwa miguu ya nyuma utamkuta kila mahali: nyuma ya bajaji, kwenye kioo cha daladala, kifuani mwa fulana ya mtumba. Wengi wanajua ni nembo ya Ferrari. Kabla ya kuwekwa kwenye gari, farasi huyo alichorwa ubavuni mwa ndege ya kivita, na kabla ya ndege alikuwa kwenye ngao ya rejimenti ya wapanda farasi iliyoundwa mwaka 1692 huko Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Mimi niliingia kwenye historia hii kupitia kibandiko hicho, na sijaichoka hadi leo.

Shida ya anayeanza ni wingi wa majina. Italia imekuwa na rejimenti nyingi za farasi, nyingi zimebeba majina ya miji na mikoa ya zamani, na kila moja ina wapenzi wake wanaoapa kwamba hakuna iliyopigana kama yao. Ukizisoma zote kwa mpigo, vita vya 1706 vitakuchanganyikia na vya 1848, na mwisho utabaki na panga na kofia za chuma tu kichwani. Afadhali uchague moja uijue vizuri, nyingine zitafuata zenyewe. Hapa naziweka tatu pamoja: Genova Cavalleria, Savoia Cavalleria na Piemonte Reale. Sizigawii nafasi sawa kwa sababu hazina uzito sawa, na ninayoipenda nitaitaja.

Asili na misemo yao

Zote tatu ziliundwa chini ya Vittorio Amedeo II, mtawala wa Savoia, nchi ndogo ya milimani iliyokuwa ikibanwa na Ufaransa upande mmoja na milki ya ukoo wa Habsburg upande wa pili. Genova ndiyo kongwe, ya mwaka 1683, na ilianza kama kikosi cha dragoni. Dragoni alikuwa askari wa namna mbili: anapanda farasi ili afike upesi, na akifika anaweza kushuka na kupigana kwa bunduki kama askari wa miguu. Savoia na Piemonte Reale zilifuata mwaka 1692, na hizo zilikuwa za farasi hasa. Kazi yao ilikuwa kumwendea adui kwa shoti, upanga mkononi. Ishike tofauti hii, maana zaidi ya miaka mia mbili baadaye ilirudi kwa kishindo.

Msemo wa Genova uko kwa Kifaransa, lugha iliyotawala majumba ya wakubwa wa Savoia wakati huo: "Soit à pied, soit à cheval, mon honneur est sans égal." Yaani: iwe kwa miguu, iwe juu ya farasi, heshima yangu haina mfano. Wa Savoia ni mfupi, "Savoye bonnes nouvelles", Savoia habari njema. Inasimuliwa kwamba mwaka 1706, Torino ilipokuwa imezingirwa na Wafaransa, tarishi wa rejimenti alipanda farasi kupeleka habari za ushindi huku amejeruhiwa kooni. Alifika, akatamka maneno hayo, akafa. Damu iliyolowesha ukosi wake ndiyo inayokumbukwa na tai nyekundu ambayo askari wa Savoia wanaivaa mpaka sasa. Sina haja ya kubishana na simulizi hiyo. Rejimenti iliyoishi na hadithi moja kwa karne tatu huishia kufanana nayo. Piemonte Reale wao wana Kilatini: "Venustus et audax", mzuri wa sura na jasiri.

Savoia na mashamba ya alizeti

Ukitaka siku moja tu, Savoia inayo, na ni siku inayojulikana kuliko zote katika historia ya farasi wa Italia: tarehe 24 Agosti 1942, karibu na kitongoji cha Isbuscenskij, jirani na mto Don, ndani ya Urusi.

Jeshi la Kisovieti lilikuwa limevuka mto na kuisukuma nyuma divisheni ya Kiitaliano iliyoitwa Sforzesca. Savoia, wapanda farasi wapatao 700 chini ya Kanali Alessandro Bettoni, ilitumwa kuziba pengo. Usiku walilala nyikani, farasi wamefungwa katikati, mizinga na bunduki za rashasha zimepangwa kuwazunguka. Alfajiri doria ilitoka kutazama mbele, ikaona kofia ya chuma katikati ya alizeti. Usiku huo huo Wasovieti wapatao 2,000 walikuwa wamejisogeza gizani na kujichimbia kwenye mashamba karibu na kambi.

Bettoni alikuwa na dakika chache za kuamua. Skwadroni ya pili ikazunguka ubavuni, ikaanza na mwendo wa matiti, kisha shoti, ikakata mistari ya Wasovieti kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa panga na mabomu ya kutupa kwa mkono, ikageuza na kurudi tena. Skwadroni ya nne ilishuka na kushambulia kwa miguu uso kwa uso ili adui asipate nafasi ya kugeukia farasi. Aliyeiongoza ni Kapteni Silvano Abba, mwanamichezo aliyepata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Akauawa. Skwadroni ya tatu nayo ikaingia kwa shoti, na Meja Alberto Litta Modignani akaanguka humo. Mapigano yalipokwisha, Wasovieti zaidi ya 150 walikuwa wamekufa na mamia wametekwa. Savoia ilipoteza watu 32 na zaidi ya farasi 100.

Nimeisoma siku hii mara nyingi, na kila mara mapigo ya moyo hunienda mbio. Kila mara pia nikimaliza hubaki na uzito. Watu hawa walikuwa wavamizi, wamekwenda maelfu ya kilomita kupigana kwenye shamba la mtu mwingine kwa amri ya Mussolini, bega kwa bega na jeshi la Hitler. Na ushindi wao haukubadilisha kitu. Majira ya baridi yaleyale jeshi lote la Italia kwenye mto Don lilivunjika, na makumi ya maelfu ya askari hawakurudi. Anayekusimulia Isbuscenskij akaishia kwenye panga na alizeti amekupa nusu ya habari.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wengi hulikosea. Isbuscenskij huitwa shambulio la mwisho la farasi wa Italia, lakini tarehe 17 Oktoba 1942, wiki chache baadaye, rejimenti nyingine, Cavalleggeri di Alessandria, ilizingirwa na wapiganaji wa msituni wa Yugoslavia huko Poloj, Kroatia, ikalazimika kujitoa kwa kushambulia juu ya farasi jioni giza likiingia. Hilo ndilo la mwisho. Halikupata umaarufu kwa sababu lilikuwa la kujiokoa, na waliokufa walikuwa wengi.

Genova: kijiji kilichozibwa kwa mikokoteni

Sasa Genova, na hapa naomba subira kidogo.

Kama ni shambulio la farasi unalotaka, Genova inalo pia. Tarehe 21 Aprili 1796, Napoleon akiwa jenerali kijana anayeingia Piemonte, dragoni hawa waliwavamia wapanda farasi wa Kifaransa pale Bricchetto, karibu na Mondovì, na Jenerali Stengel wa Ufaransa akapata majeraha yaliyomuua. Vita vile Piemonte ilishindwa, lakini siku ile ilikuwa yao.

Siku ninayotaka uijue ni nyingine. Tarehe 24 Oktoba 1917 majeshi ya Austria na Ujerumani yalipasua ngome za Italia pale Caporetto. Jeshi lote la Italia likaanza kurudi nyuma, askari na raia wamechanganyika barabarani kwenye mvua, mizinga imetelekezwa, madaraja hayatoshi. Kusini kwake, Jeshi la Tatu lililoongozwa na Mwanamfalme Emanuele Filiberto wa Aosta lilikuwa bado zima, lakini lilihitaji muda kuufikia mto Tagliamento na kuuvuka. Adui akilitangulia mtoni, limekwisha.

Kijiji cha Pozzuolo del Friuli kiko kusini mwa Udine, mahali ambapo barabara zinakutana. Tarehe 29 Oktoba Brigedia ya Pili ya wapanda farasi, yenye rejimenti mbili, Genova na Lancieri di Novara, chini ya Jenerali Giorgio Emo Capodilista, iliambiwa ikishike kijiji hicho. Askari wa miguu wa Brigedia ya Bergamo waliungana nao. Wapanda farasi wakashuka. Walivuta mikokoteni na samani za watu wakaziba njia, wakaweka bunduki za rashasha madirishani na kwenye vichochoro, wakasubiri. Hawa ni watu waliofundishwa tangu siku ya kwanza kwamba heshima yao iko juu ya tandiko. Sasa wamelala chini nyuma ya kabati la mwanakijiji, farasi wao wamefungwa uani.

Tarehe 30 adui alikuja kwa nguvu zake zote. Kijiji kilipiganiwa nyumba kwa nyumba. Baadhi ya vikosi vilipanda farasi tena na kutoka nje ya vizuizi kwa shoti ili kuwasukuma nyuma waliokuwa wakizunguka, kisha kurudi ndani. Jioni, kijiji kikiwa karibu kufungwa pande zote, waliobaki walipanda na kupasua njia ya kutokea. Waliokufa na kutekwa walikuwa wengi mno. Pozzuolo ikaenda. Lakini saa zile walizozishika hazikurudi tena mikononi mwa adui, na Jeshi la Tatu likavuka mto.

Ukiurudia sasa ule msemo wa Genova, iwe kwa miguu, iwe juu ya farasi, utaona kwamba dragoni wa Genova walifanya mwaka 1917 kilekile walichoundiwa: kufika upesi, kushuka, kushikilia. Ndiyo maana naichagua Genova. Jeshi limeshindwa, hakuna wa kutazama, amri ni kukaa mpaka wengine wapite. Walikuwa kwenye ardhi yao, na walijua wanakufa kwa ajili ya nani, maana waliwaona wakipita barabarani.

Piemonte Reale: farasi aliyepanda angani

Piemonte Reale ina sifa zake za vita, ila mtu anayeibeba leo ni mmoja, na alipata sifa baada ya kushuka kwenye farasi. Francesco Baracca, mzaliwa wa Lugo mwaka 1888, alikuwa ofisa wa rejimenti hii. Mwaka 1912 akaenda Ufaransa kujifunza urubani, na katika Vita Kuu ya Kwanza akadungua ndege 34, idadi ambayo hakuna rubani mwingine wa Italia aliyeifikia. Hakuisahau rejimenti yake. Ngao yake ilikuwa na farasi wa fedha aliyeinuka kwenye uwanja mwekundu. Baracca alimchora farasi huyo ubavuni mwa ndege, akiwa mweusi. Tarehe 19 Juni 1918 aliuawa juu ya mlima Montello.

Mwaka 1923 Enzo Ferrari, dereva kijana, alishinda mbio karibu na Ravenna, na kwa masimulizi yake mwenyewe mamake Baracca ndiye aliyemwambia aweke farasi wa mwanawe kwenye gari, atamletea bahati. Ferrari akaongeza rangi ya manjano ya mji wake wa Modena, na mwaka 1932 nembo ikaonekana kwenye magari ya timu yake katika mbio za saa 24 za Spa. Tazama kibandiko kwa makini mara nyingine utakapokwama nyuma ya bajaji: mkia wa farasi wa Ferrari umeinuka juu. Wa Baracca ulielekea chini.

Ni njia tamu ya kuingilia, na sijutii kuipita. Udhaifu wake ni kwamba ukishafika kwa Baracca unaondoka kwenye farasi. Unaanza kusoma urubani, kisha magari, na rejimenti yenyewe inabaki nyuma kama stendi ya basi uliyopandia.

Vya kuona kwa macho

Ukijaliwa kufika Italia, Savoia inaongoza kwa kitu kimoja kinachogusa. Pinerolo, mji mdogo takriban kilomita 40 kutoka Torino, una makumbusho ya kihistoria ya wapanda farasi, na ndani yake amehifadhiwa farasi anayeitwa Albino. Alikuwa Isbuscenskij. Mpanda wake aliuawa, yeye akajeruhiwa, lakini aliokoka, akarudishwa Italia na kuishi hadi mwaka 1960. Watu wengi huingia humo kwa ajili ya nishani, wakatoka wakimzungumzia Albino.

Pinerolo hiyohiyo ndiko kulikokuwa na shule ya wapanda farasi ambako Kapteni Federico Caprilli alibadilisha namna dunia nzima inavyoruka viunzi. Kabla yake mpanda farasi aliegemea nyuma akivuta hatamu farasi akiwa hewani, akimuumiza mdomo na mgongo. Caprilli alifundisha kuinama mbele, kukanyaga vikuku, na kumwachia farasi shingo yake. Mwaka 1902 huko Torino, akiwa juu ya farasi Melopo, aliruka mita 2.08. Kila unayemwona akiruka kwenye Olimpiki leo amekaa kwa mtindo wake. Huyu ni wa wote, siwezi kumpa rejimenti moja.

Genova nayo ina mji. Makao yake ni Palmanova, ngome ya Wavenisi ya mwaka 1593 iliyojengwa kwa umbo la nyota, na Pozzuolo haiko mbali. Savoia iko Grosseto, Toscana, na sasa ni sehemu ya brigedia ya askari wa miamvuli ya Folgore. Piemonte iko Villa Opicina, juu ya Trieste, na neno "Reale", yaani ya kifalme, liliondoka kwenye jina lake pamoja na wafalme wenyewe.

Kama unataka historia inayotugusa huku

Kuna msomaji atakayeniuliza: haya yote yananihusu nini mimi? Ana haki. Kwa huyo ningependekeza aziache zote tatu kwanza aanze na mtu mmoja, Amedeo Guillet, aliyetoka rejimenti ya Cavalleggeri di Monferrato. Alikuwa amechaguliwa kwa Olimpiki ya 1936, akaacha ili aende vita vya Ethiopia, vita ambavyo Italia ilitumia gesi ya sumu dhidi ya watu wa nchi ile, na hilo lisirukwe na yeyote anayesimulia. Baadaye aliongoza kikosi cha farasi cha Waeritrea, Waamhara na Wayemeni. Waitaliano waliwaita "ascari", neno lilelile letu la askari. Tarehe 21 Januari 1941, huko Keru nchini Eritrea, aliwaongoza kwa panga na mabomu ya mkono moja kwa moja ndani ya jeshi la Waingereza na Wahindi lililokuwa na vifaru, ili askari wa miguu waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea Agordat wasikatwe. Jina alilopewa halihitaji mkalimani: Kumandar es-Shaitan, Kamanda Shetani. Ukimsoma, soma na kuhusu wale waliopanda farasi nyuma yake. Majina yao hayajaandikwa sana, na wengi wao walikufa pale.

Au chukua Lancieri di Montebello, walio Roma. Tarehe 10 Septemba 1943 walipigana na Wajerumani pale Porta San Paolo, pamoja na askari wengine na raia, mfalme akiwa ameshaukimbia mji. Miaka 50 baadaye, tarehe 2 Julai 1993, rejimenti hiyohiyo ilikuwa Mogadishu na magari yake ya deraya ya magurudumu manane. Katika mapigano karibu na kiwanda cha zamani cha tambi, Luteni Andrea Millevoi wa Montebello aliuawa pamoja na Waitaliano wengine wawili, na Wasomali wengi walikufa. Rejimenti ileile, mitaa ya miji miwili. Mara ya kwanza inalinda mji wake, mara ya pili iko kwenye mji wa watu.

Basi, ipi?

Kama una wiki moja na unataka kushikwa koo, chukua Savoia, ila usifunge kitabu Agosti 1942. Endelea hadi theluji ya Januari. Kama una kijana nyumbani anayependa magari na unataka apende historia, mpe Baracca na Piemonte Reale, atafika mwenyewe kwenye mengine. Kama unatafuta Afrika ndani ya habari hii, Guillet kwanza, Montebello baadaye.

Na kama unataka kuelewa wapanda farasi walikuwa watu wa kazi gani hasa, anza na Genova. Huhitaji kitabu siku ya kwanza. Fungua ramani ya simu, tafuta Udine, shuka kusini mpaka uone Pozzuolo del Friuli. Kisha sogeza kidole magharibi hadi mto mpana wenye mchanga mweupe, Tagliamento. Nafasi iliyo chini ya kidole chako ndiyo waliyokuwa wakiipigania siku zile za mvua.